Ndama wa Kilo Sitini

Ng'ombe wangu alidungwa sindano kwa ugonjwa wangu. Sijawahi kumwomba msamaha, wala yeye hajanidai, lakini kuna asubuhi namkamua nakumbuka, nacheka peke yangu mle zizini mpaka anageuza kichwa kuniangalia.

Ninakaa Lanet, nyuma kidogo ya barabara ya Nairobi, kwenye kipande cha shamba alichoniachia mume wangu. Alifariki mapema, kabla hatujajaliwa mtoto, na baada yake sikutaka mwanamume mwingine wa kuniuliza chai iko wapi. Zamani nilikuwa na majirani wa kuazimana chumvi. Wakauza, mmoja baada ya mwingine, na sasa nimezungukwa na maghorofa na mageti meusi marefu, na watu wanaotoka na magari asubuhi na kurudi na magari jioni. Kama wananijua, wananijua kwa harufu ya samadi. Vijana wa bodaboda pale steji huniita mathe. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mimi sina, basi watu wazima huniita mama maziwa. Huwa nasema nimezoea. Uongo mtupu, nimechoka kukasirika tu.

Kwa wale waliozaliwa na vyoo vya ndani, wacha nieleze jambo moja. Choo changu ni cha shimo, kiko kule mwisho wa shamba karibu na ua, na mwanamke anayeishi peke yake hatoki usiku kwenda mwisho wa shamba. Huweka ndoo chini ya kitanda. Alfajiri, tarumbeta la kambi ya jeshi likilia, mimi tayari nimeibeba na kuimwaga kwenye mtaro wa zizi, juu ya mkojo wa ng'ombe, halafu nasukuma vyote kwa maji na ufagio hadi shimo la samadi. Nimefanya hivyo miaka na miaka. Kwenye giza hilo ni nani anaangalia mkojo wake?

Asubuhi moja maji ya mfereji yalikuwa yamepotea, nikachelewa kufagia. Kukapambazuka mtaro ukiwa bado na uchafu wake, na ndani yake nikaona wekundu. Si wekundu wa udongo. Damu. Nikashika kichwa. Mimi nilizaliwa Sachangwan, juu kule kwa baridi, katika boma la ng'ombe, na mtoto wa boma kama hilo hahitaji kuambiwa na daktari kwamba ng'ombe akiumwa na kupe wabaya hukojoa damu. Baba alipoteza ng'ombe kwa njia hiyo. Namkumbuka mama akilia kama aliyefiwa na mtu. Huyu wangu ndiye mali yangu yote, na ndiye ninayemwambia habari ya asubuhi. Sikunywa hata chai. Nilivaa sweta nikaenda mjini.

Dawa za mifugo nanunua kwa mzee mmoja Kalasinga, mwenye kilemba na ndevu nyeupe, kwenye mtaa wa maduka ya zamani yenye roshani za mbao. Amezaliwa hapa hapa Nakuru, na baba yake pia. Tumegombana tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Yeye huniambia nina maneno mengi, mimi humwambia dawa zake ni za wakati wa mkoloni, na hiyo ndiyo salamu yetu. Namba ya simu ya duka imechorwa ukutani kwa rangi nyekundu, kubwa kama mtu, na kwa jinsi nilivyosimama pale mara nyingi nikingoja kuhudumiwa, imeingia kichwani mwangu haitoki. Ni namba ya pekee ninayoijua bila kuangalia simu.

Wao huishi juu ya duka, yeye na mke wake. Mke miguu ilimkatalia, na ngazi zao ni nyembamba na kali, kwa hivyo hajashuka chini kwa muda mrefu sana. Kila Ijumaa nawapelekea maziwa. Nikifika chini ya roshani naita, na ndoo ndogo inashuka kwa kamba. Natia chupa, navuta kamba mara moja, inapanda. Ninachoona mimi ni mkono wenye bangili, unanipungia kidogo, basi. Kwa miaka hiyo yote hatukuwa tumeongea hata neno.

Siku ile mzee alinipa dawa, na daktari wa mifugo akaja akamdunga ng'ombe. Ukimdunga, maziwa hayanywewi kwa siku kadhaa, unayamwaga. Ijumaa ilipofika nilikwenda mikono mitupu. Ndoo ilishuka, nikaita, "Leo hakuna! Ng'ombe ni mgonjwa!" Ndoo ikapanda ikiwa tupu. Mkono ulibaki pale kwenye ubao wa roshani muda mrefu kuliko kawaida, na mimi nikaenda zangu nikiwa na aibu.

Halafu mtaro ukawa mwekundu tena. Woi! Niliingia dukani kama moto.

"Umeniuzia maji!" nikamwambia, mbele ya wateja.

"Mama, pole pole. Uliona hiyo ng'ombe ikikojoa?"

"Nimeona kwa mtaro."

"Nimekuuliza ng'ombe, unaniambia mtaro." Akachukua karai jeupe la plastiki kutoka kwa rafu akanisukumia. "Enda ukinge. Ukiona damu hapa ndani, rudi unitukane vizuri."

Nilikwenda nikakinga. Kusimama nyuma ya ng'ombe na karai ukingoja ajisaidie ni kazi ya mtu asiye na haraka. Alipokubali, ulikuwa wa manjano, safi, wa mnyama mwenye afya kabisa. Nikasimama nalo mkononi. Nikaangalia mtaro, nikaangalia nyumba yangu, na polepole, kama mtu anayehesabu watoto akakuta mmoja hayupo, nikakumbuka ndoo ya chini ya kitanda.

Kesho yake nilimwaga ndoo ndani ya karai jeupe, taa ikiwaka. Wekundu ulikuwa wangu.

Nilikaa chini palepale kwenye saruji. Sikuwa na maumivu yoyote. Kizunguzungu, ndiyo, na uchovu, lakini nilikuwa nimelaumu umri. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa woga. Nilitaka kuita mtu. "Kuja uone," basi, kama mtu anavyoita akiona nyoka. Hakukuwa na wa kuita, na woga ulipokuja ulinikuta nimekaa hivyo hivyo na karai magotini.

Sasa, mtu mwenye akili angekwenda hospitali. Mimi nilifikiri hivi: kupe huuma watu pia, mimi nalala na ng'ombe ukuta kwa ukuta, ugonjwa ni mmoja, na dawa naijua. Nikarudi dukani. Nikangoja wateja waishe.

"Nataka ile dawa tena. Ya ndama."

"Ndama ya kilo ngapi?"

"Sitini."

Mzee akaanza kupima kichwani. "Anakula?"

"Siku hizi hana hamu. Ni chai tu."

Nilisikia neno likitoka na sikuweza kulirudisha. Mzee akavua miwani, akaiweka juu ya kaunta. Nilidhani atacheka. Tumechekana kwa mambo madogo kuliko hayo.

"Huyo ndama," akasema taratibu, "iko na kitambulisho?"

Nikarudisha pesa mfukoni.

"Mama, hii dawa itakuua. Mimi nauza ya ng'ombe. Enda hospitali, leo, si kesho." Nilipofika mlangoni akaniita. "Ukitoka huko unipigie. Uniambie ndama anaendelea aje."

"Wachana na mifugo yangu," nikamwambia, kwa sababu ningesema kitu kingine ningelia mbele ya magunia ya chumvi ya ng'ombe.

Hospitalini walinipima mkojo, wakanipima damu, wakaona damu yenyewe imepungua vibaya. Wakaniingiza kwenye mashine ya picha inayozunguka. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kuongea akiangalia kioo cha kompyuta. Akanionyesha figo ya kushoto, na ndani yake kitu cheupe, kidogo, kama njugu.

"Uvimbe wenyewe ndio huu. Ndio unavuja."

"Ni kansa?"

"Kwa picha unafanana na kansa. Nikitoa kipande kwa sindano, unaweza kuvuja damu nyingi kuliko sasa. Ni afadhali tutoe figo yote. Maabara ndiyo itasema ni nini. Mtu huishi na figo moja, mama." Halafu akasema lile neno. "Siku ya operesheni, uje na mtu wako."

Kila Mkenya anajua maana ya njoo na mtu wako. Habari ya kifo haiwekwi kwenye mikono ya mtu mmoja. Nilimwona jirani yangu wa zamani akiambiwa hivyo, akaenda na kijana wake, na matanga yalikuja kabla mahindi hayajavunwa. Lakini hata bila hayo, neno lenyewe lilinishinda. Mtu wangu. Nilitoka pale nikijiuliza kama mtu aliyepoteza funguo: mtu wangu ni nani?

Nina mpwa mmoja, binti wa marehemu kaka yangu. Anaishi Karagita na kufanya kazi kwenye mashamba ya maua ya kuuzwa Ulaya. Nilimpigia jioni, akiwa amerudi kwenye chumba chake.

"Shangazi, mwezi huu? Ni Valentine. Ni waridi usiku na mchana, hakuna ruhusa hata ya mazishi. Ni kitu kibaya?"

"Ala! Kibaya gani? Ni vijiwe tu kwenye figo."

"Nikipata off nitakuja."

"Fanya kazi, mama. Mimi niko sawa."

Sikumlaumu na simlaumu. Akikosa siku moja, kuna mia wanaongoja getini. Nilikaa na simu mkononi mpaka kioo chake kikazima.

Mwanamke anayefagia ghorofa la nyuma yangu alikubali kumkamua ng'ombe na kuchukua maziwa yote. Nikafunga mlango, nikaenda na mfuko wangu.

Nesi wa wodi alikuwa mnene, mchangamfu, na alikuwa na haraka. "Mama nani?" akaniuliza.

"Mama wa ng'ombe."

Akacheka, akadhani natania. "Mtu wako yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Nipe namba yake basi, tukimhitaji."

Namba ya mpwa wangu singempa. Nilifungua mdomo, na namba iliyotoka ni ile ya ukutani. Niliitaja yote, tarakimu kwa tarakimu, nikiiona kwa ile rangi nyekundu. "Ni nani wako?" Nikasema ni jamaa. Nilijua hawatapiga. Hizi namba huchukuliwa tu, hakuna anayezipigia.

Wakanivua kila kitu. Pete ya ndoa ilikataa, wakaitoa kwa sabuni, na nikamkabidhi nesi nisiyemjua jina pete ya mume wangu. Wengine waliokuwa kwenye foleni ya upasuaji walisindikizwa hadi mlangoni, mtu akishikwa mkono, mwingine akiombewa. Mimi nilisukumwa nikihesabu taa za dari. Ng'ombe akidungwa hushikwa na watu wawili, mmoja puani na mwingine mkiani. Nililala kwenye kile kitanda chembamba nikawaza hilo, na niliogopa sana.

Nilipoamka, upande wangu wa kushoto ulikuwa na moto. Siku za wodi ni ndefu, na saa mbaya kuliko zote ni ile ya wageni. Kengele ikilia wanaingia na chupa za chai, na chapati zilizofungwa kwa kitambaa, na watoto waliovalishwa vizuri. Mimi niligeukia ukuta na kufumba macho, wadhani nimelala. Mgeni wa kitanda cha pili aliniuliza, "Mama, unataka uji?" Mgonjwa haulizwi uji, lakini nilikataa. Nilitaka uji wa kuletewa mimi. Nikawa nasikiliza jinsi wanavyotajiana watu wa nyumbani: fulani anakusalimu, fulani ameuliza kama umekula, fulani hajalala. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilijiambia hakuna nyumba hata moja, kutoka Lanet hadi Sachangwan, ambayo jioni ile ilikuwa ikinitaja.

Nesi yule mnene alikuwa akija kunigusa paji la uso mara nyingi kuliko wengine. "Umekula? Umelala? Maumivu je?" Kila siku maswali yaleyale. Nilimwambia mimi si mtoto. Akaandika kitu mkononi mwake kwa kalamu akaenda zake.

Nilirudi nyumbani na mshono mrefu, na kungoja kukaanza. Nyama yangu ilikuwa maabara. Ng'ombe alinisalimu kwa kunisukuma, ikabidi nimkemee kwa sababu ya mshono. Wiki moja baada ya Valentine nililetewa kifurushi kutoka Karagita: mawaridi yaliyokataliwa, yale yenye shingo zilizopinda ambayo Wazungu hawayataki. Mpwa wangu alikuwa ameyafunga kwa gazeti. Niliyatia kwenye mkebe wa maziwa, juu ya meza, na kila chakula nilikula nikiyatazama. Yalidumu kuliko nilivyotegemea. Usinicheke, lakini nilianza kuweka mambo sawa. Nilijiuliza ng'ombe atapewa nani, na ni nani atagundua kwanza kwamba sijaamka. Nilifikia jibu kwamba ni ng'ombe mwenyewe, kwa kulia asipokamuliwa.

Simu ikaja: majibu yametoka, njoo na mtu wako.

Nilikwenda peke yangu, nimevaa nguo ya kanisa. Daktari aliangalia nyuma yangu, kwenye mlango.

"Umekuja na mtu?"

"Niko na wewe. Sema."

Alifungua karatasi, na nikaona anatabasamu. Nilitaka kumzaba kofi.

"Si kansa, mama. Inaitwa hemanjioma. Ni mishipa ya damu tu, imejifunga fundo na kuanza kuvuja. Haisambai, haili mtu. Kwenye figo ni nadra sana. Mimi sijawahi kuiona, nimesoma tu kwa vitabu."

"Kwa hivyo figo yangu mlitoa bure?"

Hakukasirika. "Ilikuwa inakumaliza damu. Na kabla ya kuitoa, hakuna ambaye angekuambia kwa hakika kwamba si kansa. Sasa chunga hiyo moja. Pima presha, na dawa za maumivu usinunue ovyo."

"Sasa mtu wangu mlimtakia nini?"

"Mtu anayekuangalia nyumbani ni lazima asikie pia. Ndio utaratibu." Akakohoa kidogo. "Halafu, mama, kama utakubali, wanafunzi wangu wangependa kuiona. Watu wengi sana wanaiulizia."

Nikasema wafanye wanavyotaka. Nikiteremka ngazi nilikuwa nacheka, cheko baya. Haki ya Mungu, figo yangu ilikuwa na watu wengi kuliko mimi.

Nje ya geti jua lilikuwa kali na vumbi la Nakuru liko juu. Nitaishi. Nilisimama pale na hilo neno na sikujua niliweke wapi. Mabaya nimezoea kuyabeba mwenyewe. Jema kama hili linawasha ulimi, unataka kumshika hata mpita njia. Mpwa wangu alikuwa ndani ya maua, ambako simu huzimwa. Vijana wa bodaboda wakaniita, "Mathe, twende?" Nikawaonyesha kwa mkono wangoje. Nikabonyeza ile namba ya ukutani.

"Halo?" Sauti ya mzee, na nyuma yake mtu anauliza bei ya dawa ya kupe.

"Yule ndama," nikasema. "Yule ndama amepona. Si ile mbaya."

Nikamsikia akitupa sauti juu, kwenye ngazi, kwa lugha yao ambayo siielewi hata chembe. Katikati ya maneno hayo yote nilishika mawili tu: mama maziwa. Aliyataja haraka, bila kufikiri, kama neno linalotumika nyumbani kila siku. Na kutoka juu mwanamke akapiga kelele, na kitu cha bati kikaanguka sakafuni.

"Ngoja, ngoja, usikate," mzee akasema. Nikasikia akipanda ngazi akihema. Halafu sauti nyingine, nyembamba, ambayo sikuwahi kuisikia maisha yangu yote.

"Mama! Siku ile hospitali ilitupigia, ati uko theatre, unapasuliwa, nilishika mzee nikatetemeka. Kila siku sisi tunapiga. Tunauliza yule sista, amekula, amelala, iko na maumivu? Sista anatuambia."

Nikakumbuka nesi mnene na maswali yake, na ile kalamu. "Mbona hakuniambia?"

"Sisi tulikataza. Mzee alisema wewe mkali, utakasirika tunaingilia mifugo yako."

Wale vijana wa bodaboda walikuwa wameanza kuniangalia.

"Mama, uko?" akaendelea. "Ijumaa, hata kama hakuna maziwa, kuja. Ndoo wacha. Panda ngazi, mimi siwezi kushuka."

"Mlimwambia nini?" nikauliza. "Yule sista. Akiuliza nyinyi ni nani."

"Aliuliza kama sisi ni watu wako." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona swali langu ni la ajabu. "Si tulisema ndio."

Nilikaa chini pale kwenye ukingo wa barabara, na nguo yangu ya kanisa, na mshono wangu, nikalia mbele ya watu.